Wakuu, napunguzaje kasi ya bunduki ya easofti? Tunachezea ndani ya pagale

BunjuMwisho

Habari za jioni wakuu. Niende moja kwa moja.

Huku kwetu kuna pagale la ghorofa moja, kuta na ngazi zipo ila halijapauliwa. Mwenye nalo ni mjomba wa mmoja wetu, katuruhusu tucheze easofti (ule mchezo wa kulengana kwa bunduki za gololi za plastiki) Jumamosi mpaka pesa ya bati ipatikane. Wenzangu wengi wana zile bunduki za plastiki unazokokota kwa mkono kila risasi, hazina neno. Kesi ni yangu. Ni ya umeme, umbo la M4 ya kijeshi, nimeachiwa na binamu yangu aliyekuwa akiichezea nje ya nchi, na boksi limeandikwa 394 fps, yaani futi 394 kwa sekunde. Mle ndani ukikunja kona mnakutana pua kwa pua. Jamaa mmoja kala ya mgongo kwa hatua tatu, fulana ikiwa mwilini, na bado pamevimba. Kikao kikakaa palepale: nishushe kasi, au niwe refa.

Nimeambiwa mambo matatu tofauti: nikate springi, nitumie gololi nzito, au nifunge betri dhaifu. Lipi la kweli? Fundi pikipiki wa kijiweni yuko tayari kukata springi leo leo kwa buku tano.

NgojaWaje

Nimevuta kiti. Waje wajuzi.

KishokaTemeke

Betri dhaifu mkuu, usijisumbue. Umeme ukipungua na nguvu inapungua, hata feni inajua hilo.

TichaWaMbezi

Kishoka mdogo wangu, hapo umewapoteza wenzako. Bunduki hii haisukumi gololi kwa umeme. Mota inazungusha gia, gia inavuta pistoni kurudi nyuma huku ikiibana springi, na gia ikifika mahali ilipoishiwa meno inaiachia. Springi inaifyatua pistoni mbele, hewa iliyo ndani ya silinda inabanwa, na hewa hiyo ndiyo inayoisukuma gololi mpaka mgongoni kwa mtu wako. Betri dhaifu itachelewesha kuvuta tu, basi. Badala ya risasi kumi na tano kwa sekunde utapata kumi. Springi ikishaachiwa haina habari na betri.

Sasa gololi nzito, na hapa ndipo wengi wanaingia mkenge, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Namba ya kwenye boksi hupimwa kwa gololi ya gramu 0.20. Futi 394 kwa sekunde ni kama mita 120 kwa sekunde. Nishati ni nusu ya uzito mara kasi mara kasi. Weka kilo 0.0002, unapata jouli 1.44. Kumbuka hiyo namba.

Chukua gololi ya gramu 0.30, iweke kwenye bunduki ileile. Springi haijabadilika, kazi inayofanya ni ileile, nishati inabaki karibu palepale. Kasi itashuka mpaka mita 98 kwa sekunde, yaani kama futi 321. Wewe utafurahi, utawaambia wenzako "oneni, nimetoka 394 hadi 321". Piga hesabu ya jouli sasa. Ni 1.44. Hujapunguza kitu, umebadilisha namba tu.

Na kuna baya zaidi. Gololi nyepesi inachoshwa haraka na hewa. Ile ya 0.20 ikifika mita 20 imeshapoteza kama nusu ya kasi, lakini ya 0.30 inafika na kasi nyingi zaidi na uzito juu yake. Kwa hiyo mtu aliyesimama mbali ataumia zaidi kuliko zamani. Gololi nzito ni nzuri kwa shabaha, haiyumbishwi na upepo, lakini kama dawa ya ukali sahau.

Ndiyo maana nchi zenye sheria za mchezo huu zinahesabu jouli. Japani, ambako ndiko ulikoanzia miaka ya 1970, tangu 2006 sheria inakaa chini kidogo ya jouli 1. Uingereza sheria ya 2017 iliweka 1.3 kwa bunduki inayomimina na 2.5 kwa inayotoa moja moja. Yako kwa 1.44 na kama inamimina, hata Waingereza wangekuweka nje ya mlango.

BunjuMwisho

Shikamoo mwalimu. Hapo nimeelewa kuliko miaka yote ya fomu three. Inamimina ndiyo, ina kitasa cha moja moja na mfululizo. Sasa kwa pagale nilenge ngapi?

TichaWaMbezi

Marahaba. Kwa vyumba vya ndani, jouli 0.8 au chini ya hapo, na kitasa kikae kwenye moja moja muda wote. Gololi ya 0.20 kwa mita 90 kwa sekunde ni 0.81. Kwa futi ni kama 295.

MamaWawiliTabata

Samahani naingilia wanaume. Hamjasema neno hata moja kuhusu macho. Mimi ni nesi. Ngozi inavimba na kupona, jicho halina spea. Hiyo jouli 0.8 mnayoishangilia inaharibu jicho vizuri tu. Mnavaa nini usoni?

BunjuMwisho

Dada, wengine wana miwani ya kuchomelea, wengine miwani ya jua.

MamaWawiliTabata

Miwani ya jua mdogo wangu?! Kioo chake kinapasuka na vipande vinaingia jichoni. Tafuteni miwani ya kinga yenye alama ya Z87+ au EN 166 imechorwa kwenye lenzi au kwenye fremu, iliyofunga pembeni zote, na kitu cha kukinga meno. Asiye nayo asivuke mlango wa pagale, hata kama kaja kupiga picha. Nimemaliza, endeleeni na springi zenu.

KishokaTemeke

Dada kapiga gololi ya 0.30 😂

FundiGerezani

Nimeuona uzi huu kwa kuchelewa, nilikuwa karakana. BunjuMwisho, usimpe fundi pikipiki hiyo springi. Si kwamba hajui kazi, ila haijui hii.

Springi za easofti zinauzwa kwa majina ya M90, M100, M120 na kuendelea, na hiyo namba ni makadirio ya mita kwa sekunde kwa gololi ya 0.20. Boksi lako la 394 maana yake ndani kuna M120 au ndugu yake. Unachohitaji ni M90. Kitu chenyewe ni kidogo, kinakaa kwenye mfuko wa shati, wale mawakala wa Kariakoo wanaokusanya mizigo kutoka Guangzhou watakuletea ndani ya mzigo wa mtu mwingine. Utalipia usafiri kuliko springi yenyewe.

Kukata kunafanyika, sikatai. Lakini sikiliza. Springi ina ncha mbili zilizosagwa zikawa bapa ili ikae wima. Ukikata unabaki na ncha iliyochongoka, inakaa upande, inasukuma pistoni kwa kuegemea ukuta mmoja wa silinda. Leo inatoa mita 95, kesho 88, na oringi, ule mpira wa duara kwenye kichwa cha pistoni, inaliwa upande mmoja. Wengine wanaichoma ile ncha kwenye jiko la gesi ili waibonyeze bapa. Moto ukipanda juu kidogo, mizunguko ya karibu inapoteza ugumu na springi inajikunja yenyewe baada ya muda. Na ukikata sana, springi inakuwa fupi kuliko nafasi yake, pistoni inabaki inacheza mbele na haishikwi vizuri na gia. Meno yanakwanguka.

Usiguse oringi ya pistoni pia. Najua kuna watu watakwambia "itoe tu, hewa ivuje, kasi ishuke". Ile hewa inayobanwa mbele ya pistoni ndiyo inayoipunguza mwendo kabla haijagonga ukuta wa mbele wa giaboksi. Ukiivujisha, pistoni inagonga kavu kila risasi. Giaboksi nyingi za M4 hupasuka palepale mbele, kwenye kona ya dirisha la silinda.

Mlinzi_wa_Lindo

Fundi vipi kuhusu kukata mtutu? Bomba likiwa fupi si kasi inashuka?

FundiGerezani

Inashuka ndiyo, gololi inatoka kabla hewa haijamaliza kusukuma. Lakini uzungumzie bomba la ndani, lile jembamba la shaba, maana mtutu wa nje ni pambo tu. Shida ni kwamba ukilikata kwa msumeno mdomo wake unakuwa na makovu, na gololi zitaenda zinakotaka. Ukitaka kucheza na upande wa hewa, njia ya kistaarabu ni silinda yenye tundu pembeni: pistoni haianzi kubana hewa mpaka ipite tundu, kwa hiyo hewa inayotumika ni kidogo. Ama bomba pana, la milimita 6.08 badala ya 6.03. Gololi yenyewe ni 5.95, hewa inapita pembeni zaidi. Lakini hizi zinashusha kidogo kidogo, na kutoka 1.44 mpaka 0.8 safari ni ndefu. Springi kwanza.

BunjuMwisho

Nimeagiza M90, inakuja na mzigo wa jamaa anayeuza vifuniko vya simu. Fundi nifungulie kidogo namna ya kuifunga, giaboksi sijawahi kufungua.

FundiGerezani

Sawa. Kabla ya yote toa magazini, kisha fyatua mara kadhaa ukielekeza ukutani, maana gololi moja hubaki ndani ya bomba hata magazini ikiwa mezani. Ndipo utoe betri.

Angalia kwanza kama yako ina njia ya kubadili springi kutoka nyuma. Toa kitako, chungulia kwenye tundu. Ukiona skrubu yenye kichwa cha alen au cha bapa ambacho kinasukumwa ndani na kuzungushwa robo, una bahati, springi inatoka bila kufungua giaboksi. Kama hakuna, inabidi uifungue yote: pini mbili za bodi, skrubu za mota chini ya mshikio, kitasa, halafu giaboksi inatoka ikiwa nzima.

Usifungue skrubu zake mpaka uhakikishe springi imelegea. Risasi ya mwisho inaweza kuwa imeishia katikati, pistoni ikiwa imevutwa nusu. Kuna kilatchi kidogo kinachozuia gia kurudi nyuma; kiguse kwa bisibisi nyembamba kupitia tundu la mota, utasikia "tak" na pistoni imekwenda mbele. Halafu hata ikiwa imelegea bado springi imebanwa kiasi, kwa hiyo ingiza bisibisi ndefu kwa nyuma ndani ya kiongozi cha springi (kile kibomba kinachoishikilia springi kwa ndani), shika kwa mkono, ndipo unyanyue nusu ya juu taratibu. Miwani usoni, ndugu yangu. Springi ya M120 ikiruka haina adabu.

Fanyia kazi hiyo juu ya shuka jeupe, si juu ya zulia. Kuna vioshi (washa) vyembamba kama karatasi juu ya kila gia, na kila kimoja kina upande wake na unene wake. Piga picha kwa simu kila hatua. Kispringi cha kilatchi kikianguka sakafuni kimekwenda.

Ukimaliza, kumbuka springi laini inavutwa haraka zaidi. Kama unatumia betri ya volti 11.1 rudi kwenye 7.4. La sivyo gia inarudi kumshika pistoni kabla hajafika mbele, na hapo ndipo meno yanang'oka. Unaweza pia kuona ukibonyeza mara moja zinatoka mbili.

KishokaTemeke

Haya betri imeingia kwenye mada kwa mlango wa nyuma. Sikukosea sana.

TichaWaMbezi

Ulikosea, ila mlango umeupata.

Kiluvya_Kwetu

Mimi nina swali la pembeni. Nina bastola ya gesi, haina springi ya kubadili. Hapa Dar mwezi wa pili inapiga kama imekasirika, mwezi wa saba ina adabu. Ni mimi tu?

TichaWaMbezi

Si wewe tu. Ile "gesi ya kijani" ya kwenye makopo ni propani iliyochanganywa na mafuta ya silikoni. Mgandamizo wa propani kwa nyuzi 20 ni kama ba (bar) 8.4, kwa nyuzi 30 unakwenda karibu 10.8. Hapo hujaiacha kwenye dashibodi ya gari pale Mwenge. Watengenezaji wengi wanapima kwenye baridi kuliko ya kwetu, kwa hiyo namba ya kwenye boksi lako kwa Dar ni ya chini kuliko hali halisi.

Dawa ni kubadili gesi. Ipo ya 134a, ni ileile familia ambayo mafundi friji na AC za magari wanaijua kwa jina la R134a. Kwa nyuzi 30 iko kama ba 7.7, chini hata ya propani kwenye nyuzi 20. Nunua ya makopo ya easofti yenye mafuta ndani, usimwendee fundi friji na mtungi wake. Na ile hadithi ya gololi nzito kwako ni mbaya zaidi: gololi nzito inakaa ndani ya bomba muda mrefu kidogo, gesi inaendelea kuisukuma, jouli zinaweza kupanda juu.

Mlinzi_wa_Lindo

Kwani gesi ya jikoni si propani hiyohiyo? Mtungi ninao wa kilo sita.

FundiGerezani

Mlinzi!! Ni mchanganyiko wa propani na butani, inawaka, na haina mafuta ya kulinda mipira. Mtungi wa jikoni haukutengenezwa kujaza magazini ya bastola. Kapike nayo chai.

Mwenyekiti_Mstaafu

Vijana mnaongea ufundi tu. Mimi nimewahi kukaa ofisi ya serikali ya mtaa. Watu kumi wenye M4 ndani ya pagale, jirani akichungulia dirishani unadhani atapiga simu kwa nani? Mwenyekiti wenu na mjumbe wajue siku na saa. Bunduki isafiri ndani ya begi lililofungwa, isionekane juu ya bodaboda wala kwenye daladala, na ile ncha ya rangi ya chungwa kama ipo msiitoe wala kuipaka rangi. Na kabla ya mtu mwingine kuagiza bunduki nzima, aende kituo cha polisi kuuliza. Kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, msisubiri kusomewa vifungu vyake bandarini.

BunjuMwisho

Nashukuru mzee. Mjumbe tayari anajua, na mwanawe ni mmoja wetu. Kituoni tutaenda na mjomba mwenye nyumba.

Swali lililobaki: nikishafunga nitajuaje imeshuka? Mashine ya kupima kasi sina. Wengine wanasema nipige kopo la soda nione inaingia ndani kiasi gani.

TichaWaMbezi

Kopo halisemi ukweli. Likipigwa katikati linabonyea, likipigwa ukingoni halibonyei. Tumia simu yako.

Weka bati au kopo kubwa la maziwa mita 3 kamili kutoka mdomo wa bunduki, pima kwa futi ya fundi. Simu ikae katikati, mita moja na nusu kila upande, pembeni kidogo ya njia ya gololi. Rekodi sauti, fyatua moja moja. Kisha fungua sauti kwenye programu inayoonyesha mawimbi, uikuze. Utaona mlio wa mota, halafu mchomo mkali wa pistoni, halafu mchomo wa bati. Muda kati ya hiyo miwili ndio muda wa safari. Kwa kuwa simu iko katikati, sauti zote mbili zimesafiri umbali sawa, hakuna cha kutoa.

Gawa 3 kwa muda huo. Jibu ni wastani wa kasi njiani. Kwa gololi ya 0.20 ongeza kama asilimia 5 upate kasi ya mdomoni. Zima hopapu kwanza, maana ule mpira unaoizungusha gololi unaivuruga kasi. Piga kadhaa, usiamini moja. Na upime kabla hujabadili springi pia, usiamini boksi.

BunjuMwisho

Wakuu mrejesho. Springi imekuja, nimefunga. Yangu haikuwa na njia ya nyuma, giaboksi imefunguliwa yote juu ya shuka la mama (asijue).

Kabla: sekunde 0.026 hadi 0.027 kwa mita 3. Nikiongeza ile asilimia 5, inazunguka kwenye mita 119. Boksi halikudanganya.

Baada ya M90: sekunde 0.035, kama mita 90 mdomoni. Jouli 0.81 kwa hesabu ya mwalimu. Na namba zinafanana risasi kwa risasi, hazirukiruki. Kikao kimenirudisha uwanjani, miwani ya kinga imechangiwa, asiye nayo anabaki nje kushika maji.

Shida mbili tu. Kwanza, mwisho wa mwezi tunaalikwa Kigamboni kwenye uwanja wa wazi, nitakuwa nyuma ya wote. Nirudishe M120 siku hiyo? Pili, nilikosa grisi, nimepaka ile nyekundu ya magari.

FundiGerezani

Hongera. M120 itunze ikiwa imelegea ndani ya droo, lakini usifungue na kufunga kila wiki, nyuzi za skrubu kwenye bodi ya giaboksi si za chuma kigumu, zitaliwa. Uwanja wa wazi nenda na M90 hiyohiyo, tia gololi za 0.25 au 0.28 na urekebishe hopapu taratibu. Zitakwenda polepole lakini zitanyooka, na upepo wa bahari hautazichezea kama za 0.20.

Grisi ya magari itoe leo. Kwenye gia inavumilika, ila kwenye oringi na mpira wa hopapu inavimbisha. Silinda, oringi na kichwa cha pistoni vinataka ya silikoni, tone tu. Mpira wa hopapu usipake kitu chochote.

Kiluvya_Kwetu

Silikoni hiyo inapatikana wapi mjini?

FundiGerezani

Maduka ya vifaa vya kupiga mbizi, wanapaka mipira ya mitungi. Au uliza maduka ya mabomba, waambie isiyo na mafuta ya petroli. Ukikosa, njoo Gerezani na kichupa.